Redio Imekula Kanda! Historia ya Mafundi Wasio na Majina Waliotuokolea Muziki

Tukianza kuongelea historia ya muziki wa Bongo huwa tunataja watu wale wale. Mwanamuziki, prodyuza, mtangazaji, bosi wa studio, basi. Kuna mtu mmoja hatajwi kabisa: yule fundi redio wa pembeni ya barabara, mwenye kimeza cha mbao, bisibisi tatu, na lundo la redio zilizofunguliwa mgongo. Wengi wao hata majina yao halisi hatuyajui. Unakuta anaitwa tu Fundi, au Baba Nani, na mtaa mzima unamjua hivyo mpaka anazeeka.

Leo nataka tumuongelee huyo. Kiukweli, kwa miaka kama thelathini hivi muziki wetu, mawaidha, kwaya, na sauti za wazee wetu zilikuwa zinaishi ndani ya kanda, na kanda ilikuwa inaishi kwa huruma ya fundi. Na kuna sababu nyingine ya kuongelea hii ishu leo, nitaifikia huko chini. Inaihusu familia yako pia.

Kanda ilitoka wapi?

Kwa madogo ambao hamjawahi kuishika: kanda ni kiboksi cha plastiki chenye mkanda mwembamba ndani, upana wake hata milimita nne haufiki. Ule mkanda umepakwa unga wa madini ya chuma, na sauti inaandikwa pale kwa sumaku. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ndiyo iliyoitoa, ikaonyeshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1963. Kabla ya hapo kurekodi sauti mara nyingi kulitaka mashine kubwa yenye magurudumu mawili ya mkanda. Injinia aliyeongoza kazi hiyo, Lou Ottens, alichonga kipande cha mbao kinachoingia kwenye mfuko wa koti ili kipimo cha mashine kisizidi pale. Baadaye Philips wakaruhusu kampuni nyingine zitengeneze kanda za aina hiyo bila kulipia, ndiyo maana kanda ya Japani ilikuwa inaingia kwenye redio ya Ulaya bila shida.

Mkanda unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Kanda ya dakika 60 ina mkanda wa kama mita 90, karibu urefu wa uwanja wa mpira, umekunjwa ndani ya kitu cha kutia mfukoni. Ile ya dakika 90 ina kama mita 135. Kumbuka hizo namba, maana ndizo zilizompa fundi kazi.

Kwa nini kwetu ilikuwa kubwa kuliko kwingine

Enzi hizo Tanzania Bara ilikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam peke yake. Redio za watu binafsi zilikuja miaka ya 90, baada ya sheria ya utangazaji ya 1993, na TV ya Bara ilianza 1994. Bendi ikitaka kusikika inaenda kurekodi RTD, wimbo unapigwa hewani, lakini wewe msikilizaji huna dukani pa kuununua. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho. Bendi zilizotaka santuri ziliifuata Nairobi, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Fikiria sasa: nyimbo zipo, watu wanazipenda, na njia ya kuzipata imezibwa.

Watu wakajiongeza. Ukiwa na redio kaseti unatega wimbo unaoutaka, mtangazaji akitaja tu, unabonyeza kitufe cha kurekodi. Ndiyo maana kanda nyingi za zamani zimeanza na sauti ya mtangazaji akimalizia sentensi. Hiyo ndiyo ilikuwa daunilodi ya wazee wetu, mtu wangu. Kanda moja ikaazimwa kwa jirani, jirani akainakili, kesho iko Tabora.

Halafu kulikuwa na vitu ambavyo hakuna redio ingevipiga. Harusi. Mawaidha ya shehe. Kwaya ya kanisani. Waliokuwa na ndugu Oman au Dubai walikuwa wanatumiana barua za sauti: mama anaongea dakika thelathini upande mmoja, anapewa msafiri kanda, na jibu linakuja kwenye kanda nyingine baada ya miezi. Voice note hizo, ila inapanda ndege.

Shida ilikuwa vifaa. Mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80 nchi ilikuwa imebanwa: vita vya Uganda vimepita, fedha za kigeni hakuna, maduka matupu. Kupata redio kaseti mpya ilikuwa mpaka uwe na mtu safarini, au baharia. Mwaka 1984 serikali ilipoanza kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, redio zikaanza kumiminika. Lakini kabla ya hapo, na hata baada ya hapo kwa wengi, redio ikizingua hununui nyingine. Unaenda kwa fundi.

Alijifunzia wapi?

Wachache walipita vyuo vya ufundi au walifanya kazi kwenye viwanda vya redio. Wengi walikaa tu pembeni ya fundi mwingine, wakamshikia tochi, wakatumwa risasi ya kuchomelea, wakaangalia. Wengi hawakuwa na kitabu cha Kiswahili cha kuwaelekeza. Redio inatoka Japani, maandishi yake Kiingereza au Kijapani, na fundi mwenyewe darasa la saba. Anaifungua, anaifuatilia kwa macho: huu mpira unazungusha hiki, hiki kinazungusha kile. Maarifa yote yakakaa kichwani na kwenye vidole.

Na kutoka kwenye vibanda hivyo vilitoka vitu vikubwa. Mombasa, Mbwana Radio Service ilianza kama jina linavyosema, huduma ya redio, ikaja kuwa jina kubwa la kanda za taarabu pwani nzima. Kwetu huku wapo waliokuwa wanatengeneza redio asubuhi, jioni wanakunakilia kanda kwa malipo: unaleta orodha ya nyimbo, kesho unachukua.

Sasa tuingie kwenye magonjwa yenyewe, maana historia ya fundi imeandikwa kwenye magonjwa aliyoyatibu.

Ugonjwa wa kwanza: redio imekula kanda

Hii ndiyo iliyovunja urafiki wa watu wengi. Umeazima kanda ya mtu, unasikiliza, ghafla sauti inakoroma, inazima. Ukifungua mlango unakuta mkanda umetoka wote kama tambi.

Kinachotokea ni hiki. Kuna kijiti cha chuma na gurudumu dogo la mpira, vinabana mkanda katikati na kuuvuta. Ukishapita pale, gurudumu la upande wa pili linatakiwa liukunje. Kama mpira unaozungusha hilo gurudumu umelegea, mkanda unaendelea kuletwa na hakuna wa kuupokea, unarundikana na kujiviringisha kwenye kijiti. Uchafu kwenye lile gurudumu la mpira nao unafanya mkanda ugande.

Fundi alikuwa na njia zake. Mpira ukilegea na mwingine haupo, anauchemsha kwenye maji ya moto ujirudi kidogo, au anakata tyubu ya baiskeli anatengeneza mwingine. Haikuwa dawa ya kudumu, ilikuwa ya kukufikisha Idi au Krismasi.

Na wewe nyumbani kanuni ilikuwa moja: usivute kwa hasira. Zima, toa kanda taratibu, ingiza kalamu ya Bic au penseli kwenye tundu, zungusha mpaka mkanda urudi ndani. Ile kalamu ya Bic ilivyokaa pale utadhani walikubaliana na Philips.

Ugonjwa wa pili: sauti nzito, kama muimbaji amefunikwa blanketi

Hapa mshtakiwa ni hedi, kile kipande cha chuma kinachosoma mkanda. Kila mkanda unaopita unaacha vumbi lake la rangi ya kutu. Likijaa, sauti nyembamba zinapotea, unasikia besi na mvumo tu. Dawa: pamba kwenye kijiti, spiriti ya duka la dawa, futa hedi na kile kijiti cha chuma mpaka pamba itoke nyeupe, subiri ikauke. Lile gurudumu la mpira lifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, spiriti ikizidi inakausha mpira ukapasuka. Petroli na thina usisogeze kabisa.

Ukishasafisha na bado nzito, fundi anashika skrubu moja ndogo pembeni ya hedi. Hapo ndipo unamjua fundi wa kweli. Ile skrubu inainamisha hedi kidogo sana, ili ilingane na hedi iliyorekodi ile kanda. Ndiyo maana kanda uliyorekodi mwenyewe inasikika safi kwako, ila kwa jirani inakuwa nzito: hedi zenu zimelala tofauti. Fundi hana kipimo chochote. Anaweka sikio, anazungusha robo, nusu robo, anasikiliza herufi S kwenye maneno. S ikisikika kali, anaacha. Leo hiyo tunaiita kazi ya saundi injinia.

Ugonjwa wa tatu: sauti inazama na kuelea

Muimbaji anaimba kama amelewa, mara polepole, mara haraka. Kwa wenye redio za betri, cha kwanza kulaumiwa kilikuwa betri. Zile National kubwa zilikuwa zinakula hela ya nyumba, kwa hiyo zikichoka zinaanikwa juani au juu ya bati, zinarudi kidogo, unapata taarifa ya habari na nyimbo mbili. Betri zikiwa nzima na bado sauti inayumba, basi ni mpira umelegea, au mota imechoka. Mota nyingi zina kitundu kidogo kwa nyuma. Fundi anaingiza bisibisi nyembamba ndani yake anarekebisha mwendo.

Hapa kuna kitu kinachekesha na kuumiza kwa pamoja. Kanda iliyorekodiwa wakati betri zimechoka ilirekodiwa mota ikiwa inatembea polepole. Ukija kuicheza kwenye redio yenye umeme wa ukutani inakimbia, babu anaongea kama katuni. Watu wametupa kanda za namna hiyo wakidhani zimeharibika. Hazijaharibika. Sauti ya babu iko pale pale, inataka tu mwendo upunguzwe.

Magonjwa mengine ya haraka haraka

Wimbo wa zamani unasikika chini ya mpya? Kuna hedi ya pili kazi yake kufuta kabla ya kurekodi. Imechafuka, isafishe kama ile nyingine.

Kitufe cha kurekodi kinakataa kushuka? Angalia mgongoni mwa kanda. Kuna vipande viwili vidogo vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Kikivunjwa, huwezi kurekodi juu yake. Kanda za dukani zilikuja vimeshavunjwa. Wajanja walikuwa wanaziba pale kwa karatasi au selotepu, wanarekodi wanachotaka. Kuna albamu nyingi za watu zimefunikwa na sherehe za ubatizo kwa njia hiyo.

Sauti inatoka spika moja? Waya wa hedi umekatika, risasi kidogo inarudi. Inavuma mmmm mfululizo? Mara nyingi ni waya wa hedi umeachia upande wa ethi, au kapasita za kwenye pawa zimezeeka. Hiyo mwachie fundi, maana mle ndani kuna umeme wa ukutani na hauna utani.

Mkanda umekatika? Unaunganishwa. Unakata ncha zote mbili vizuri, unazikutanisha bila kupandana, unabandika kipande chembamba cha selotepu kwa upande wa mgongo, ule usiogusa hedi. Unapoteza sekunde moja au mbili. Selotepu ya kawaida gundi yake inatambaa baada ya muda, kwa hiyo hiyo ni ya kukuvusha tu. Mafundi walikuwa hawapendi kanda za dakika 120, mkanda wake ni mwembamba mno, unaliwa na kukatika haraka.

Nani alilipwa?

Miaka ya 90 na mwanzo wa 2000 Bongo Fleva ikapanda juu ya mgongo wa kanda. Albamu zilikuwa kanda, na zilipita Kariakoo kwa wasambazaji, wale ambao wasanii waliwaita Wadosi. Malalamiko ya wasanii kuhusu hela za kanda tunayajua, yameongelewa sana, na sheria mpya ya hakimiliki ilikuja 1999.

Fundi hayumo kwenye hadithi hiyo. Hakuuza albamu, hakuandikwa nyuma ya kava. Yeye alilipwa hela ya kubadilisha mpira, mara nyingine kwa mkopo, mara nyingine kwa samaki. Lakini jiulize zile redio zilizokuwa zinapiga hizo albamu kwenye saluni, kwenye daladala, kwenye magenge ya chipsi, zilikuwa zinafanya kazi kwa sababu ya nani. Na wapo waliosema mafundi ndio walioua muziki kwa kunakili kanda. Ni kweli kunakili kulimnyima msanii hela, siwezi kulipinga hilo. Ila pia kuna nyimbo ambazo nakala ya mtaani ndiyo iliyobaki mikononi mwa watu, kwa sababu nakala nyingine haikuwahi kuuzwa. Yote mawili yako sawa kwa pamoja.

Kisha zikaja CD, memori kadi, simu. Katikati ya miaka ya 2000 kuendelea, kazi ya kanda ikapungua mpaka ikaisha. Wengine wakahamia kwenye deki za DVD, baadaye ving'amuzi na simu. Wengine wamebaki na meza ile ile na redio ambazo wenyewe hawajazifuata.

Sasa ile sababu niliyosema

Nenda nyumbani kaangalie chini ya kabati, kwenye sanduku la bibi, kwenye boksi la viatu. Nyumba nyingi bado zina kanda. Kwetu ziko kumi na moja, na moja imeandikwa kwa kalamu "Babu, usifute". Mule ndani hakuna wimbo. Ni mzee anaeleza ukoo wake na mashamba yao, dakika ishirini na kitu. Hana video hata moja, picha zake ni mbili. Hiyo kanda ndiyo yeye.

Na kanda zinakufa. Unyevu wa Dar, Tanga na Zanzibar unaotesha ukungu mweupe kwenye mkanda. Joto linapinda plastiki. Kile kisponji kidogo kinachokandamiza mkanda kwenye hedi kinabanduka, ukiicheza unasikia kwa mbali tu. Kibaya zaidi, mtu anayejua kuviponya vyote hivyo naye ana miaka sabini na macho yameanza kugoma.

Kwa hiyo fanya hivi, wiki hii kama unaweza:

1. Usiiweke kanda ya thamani kwenye redio ambayo haijacheza miaka kumi. Jaribu kwanza na kanda usiyoijali. Ikila hiyo, hujapoteza kitu.

2. Safisha hedi, kijiti na gurudumu la mpira kama nilivyoeleza.

3. Iangalie kanda kwenye mwanga. Ukiona utando mweupe, usiicheze, utaeneza ukungu kwenye redio na kwenye kanda nyingine. Mpelekee mtu anayejua.

4. Kama sponji limetoka au boksi limepasuka, mkanda unaweza kuhamishiwa kwenye boksi la kanda nyingine yenye skrubu. Kwa fundi ni kazi ya dakika chache.

5. Ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mara moja kabla ya kucheza, ili mikunjo iliyogandana iachie. Ikiwa nzito kuzunguka, simama hapo, usilazimishe.

6. Vunja vile vipande viwili vya mgongoni. Hutaki mtoto abonyeze kitufe chekundu.

7. Icheze huku unarekodi kwenye kompyuta, kwa waya kutoka tundu la hedifoni kwenda tundu la kuingizia sauti. Huna kompyuta? Weka simu karibu na spika, chumba kimya, feni imezimwa. Haitakuwa safi, ila itakuwepo. Mwendo ukiwa umekimbia, programu ya kuhariri sauti inaupunguza.

8. Hifadhi sehemu mbili, na kanda yenyewe usiitupe. Iweke mbali na jua na mbali na spika, sumaku yake siyo rafiki.

Na ukishindwa njiani, mtafute fundi. Wapo bado. Uliza wazee wa mtaa, watakuonyesha kibanda. Ukifika mwamkie vizuri, mlipe anachosema bila kumlalia, kisha muulize jina lake kamili na nani alimfundisha. Mwombe ruhusa umrekodi anavyoieleza hiyo skrubu ya hedi. Simu yako ina nafasi ya masaa kibao, na yeye amebeba miaka arobaini ambayo hakuna aliyeiandika.

Haya wadau, kwenu kuna kanda gani? Na fundi wa mtaa wenu alikuwa anaitwa nani? Kama alikuwa Fundi tu, andika hivyo hivyo na jina la mtaa. Tutaanzia hapo.